Mstari Mmoja Chini ya Salamu

Bi Kidawa, jirani wa ukuta mmoja na kina Mwantumu, anadai kwamba Jumatatu ile, saa sita za mchana, kunguru aliangukia uani kwake akiwa amekwisha kupikwa. Si kuungua; kupikwa. Manyoya yalimtoka yenyewe kama kuku aliyechovywa maji ya moto, na nyama yake, Bi Kidawa anaapa kwa kaburi la bibi yake, ilikuwa imeiva mpaka mfupani, imekosa chumvi tu. Alipoinua macho kuona kioja kimetoka wapi, aliona ubavu wa kiwanda cha sabuni umetoa mvuke mwembamba kama uzi, ukapiga mluzi, kisha ukanyamaza ghafla kama mtu aliyeropoka siri akaziba mdomo.

Mtaa mzima ulimcheka. Huyu ndiye Bi Kidawa yuleyule aliyewahi kudai kwamba mbuzi wake anapenda kusoma gazeti. Watu walipokwenda kutazama, wakamkuta mbuzi kishafika ukurasa wa michezo, anatafuna. Wakamuuliza huyo kunguru yuko wapi. Akajibu kwamba paka amemla. Ushahidi ukaishia hapo.

Mwantumu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ametua ndoo yake kando ya ukuta, akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Yeye alikuwa tarishi wa kiwanda hicho, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeishia darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kubeba majalada kutoka meza hii hadi meza ile. Mbeba karatasi za watu hujifunza kutazama kabla ya kusema. Tena alikuwa na sababu nyingine. Mama yake mzazi, Bi Mkejina, alikuwa mkata sabuni, na meza yake ya kazi iliegemea ubavu uleule uliopiga mluzi.

*

Haya yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Limetajwa mno redioni, liacheni lipumzike.

Ilikuwa nchi safi. Usafi wake uliandikwa kwenye ngao ya taifa, kwenye stempu na kwenye lango la jela. Kila mwananchi alipewa kipande kimoja cha sabuni kwa mwaka, Siku ya Usafi wa Nia, na sabuni yote ya nchi ilitoka kiwanda kimoja, na kiwanda hicho kilikuwa na tangi moja tu la mvuke, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, lililokuwa halijapoa tangu lijengwe.

Moto wa tangi hilo ulikuwa na heshima zake. Uliwashwa na Mlezi wa Nchi kwa mkono wake mwenyewe, siku ya uzinduzi, miaka kumi na tisa nyuma, kwa kiberiti ambacho sasa kimo makumbusho ndani ya kabati la kioo. Na katika nchi ile kuna desturi isiyovunjwa: aliyezindua ndiye afungaye. Daraja lililozinduliwa na waziri likivunjika, hungojwa waziri huyo aje kulitangaza kuwa limevunjika. Mpaka siku hiyo watu huendelea kulivuka, kwa heshima na kwa kuogelea. Basi moto wa sabuni haukuweza kuzimwa na mtu yeyote ila Mlezi mwenyewe, au kwa neno lake. Na Mlezi, kwa wingi wa majukumu, alikuwa hasomi zaidi ya ukurasa mmoja.

Ufa aliuona kwanza Mzee Shekue, karani mkuu wa kiwanda, alipokwenda kuhesabu meza. Ulikuwa na urefu wa kidole. Akauwekea alama ya chaki, akaandika tarehe. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umeipita chaki, umefika shubiri nzima. Akaenda kwa meneja.

Meneja, Bwana Kilindo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kiti. Aliutazama ufa kwa mbali, akasema hili ni jambo zito, na jambo zito mahali pake ni ndani ya Taarifa ya Mwaka ya Biashara. Taarifa hiyo ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne. Ufa ukawekwa ukurasa wa mia moja sitini na moja, baina ya idadi ya mafagio yaliyonunuliwa na shukrani kwa waliotuma rambirambi.

"Nani anafika ukurasa huo, bosi?" Mzee Shekue aliuliza.

"Hakuna," alisema Bwana Kilindo. "Ndiyo maana nimekubali uandikwe."

Lakini kila taarifa hutanguliwa na muhtasari, na muhtasari ndio ule ukurasa mmoja unaosomwa huko juu. Bwana Kilindo alimwachia Mzee Shekue auandike anavyotaka, kwa kuwa kazi ya muhtasari haina posho.

*

Mzee Shekue alikaa mbele ya taipu yake asubuhi nzima. Alikuwa ameandika mihtasari kwa miaka thelathini na alikuwa na imani zake juu ya kazi hiyo, ambazo alimweleza Mwantumu huku akichokoa uchafu wa herufi kwa sindano. Muhtasari, alisema, ni kama chumvi: hutiwa mwisho, huonjwa kwanza. Wengi hudhani ni taarifa iliyokondeshwa, wakaikata mikono na miguu wakabakisha kiwiliwili. Sivyo. Ni kumhurumia mtu mwenye haraka. Umwambie kuna nini, kinamhusu vipi, afanye nini, halafu umwache aende zake. Mtu akikupa dakika moja na nyumba inaungua, humsomei orodha ya vyombo vya jikoni.

Kisha akamgeukia. "Wewe mwanangu, ukimkuta Mlezi mguu mmoja umo garini, mmoja uko nje, ungemwambia nini?"

Mwantumu alifikiri kidogo. "Ningemwambia, tangi la mvuke lina ufa. Lizimwe. Watu watoke."

Mzee Shekue aliitazama karatasi iliyokuwa kwenye taipu. "Miaka thelathini," alisema, "na mimi hapa nilikuwa nimeanza na 'Kwa mujibu wa.'"

Aliichomoa karatasi aliyoianza, akaweka nyingine, akapiga maneno yaleyale manane juu kabisa, peke yake, kama mtu aliyesimama mlangoni. Chini yake akaongeza kwamba kuna wafanyakazi mia moja na arobaini, na kwamba mafundi wanahitaji siku sita. Basi. Karatasi ikabaki nyeupe zaidi ya nusu. Mwantumu alipoibeba alijisikia kana kwamba amebeba kitu kilicho hai.

*

Karatasi katika nchi ile haipandi juu kama moshi. Hupanda kama bi harusi: kila mlango huvikwa kitu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mheshimiwa Mpokezi wa Karatasi za Asubuhi. Aliipekua karatasi juu mpaka chini, na alichokuwa akikitafuta ni jina lake. Hakuliona. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayemfunza mtoto kula kwa mkono wa kulia, kwamba Sheria ya Itifaki inataka kila karatasi imsalimu kwanza kila mkubwa inayempitia, kwa cheo chake kizima, ndipo iseme shida yake. Mpiga taipu wake akaipiga upya. Salamu zake zikachukua mstari mmoja na nusu. Maneno manane yakashuka chini ya salamu, yakatulia.

Wa pili alikuwa Mheshimiwa Mpokezi wa Karatasi za Alasiri, ambaye alinuna kwa kutanguliwa na yule wa asubuhi, akaongeza maneno "Anayepokea Zilizokwisha Tulia." Wa tatu alikuwa Mheshimiwa Kaimu wa Aliyekuwa Kaimu. Wa nne alikuwa marehemu, lakini kiti chake hakijajazwa, kwa hiyo alisalimiwa kwa mistari miwili na dua. Wa tano alikuwa Mheshimiwa Mshauri wa Mambo Yasiyo na Mshauri, Mwenye Nishani Tatu, ya Nne Ikiwa Njiani.

Mwantumu alikuwa akisimama kando ya kila meza, karatasi ikipigwa upya, akiutazama ule mstari. Uliendelea kushuka. Aliwahi kuona msiba mmoja ambapo mama mfiwa alikuwa amekaa katikati ya mkeka wake mwenyewe. Wakaja wake wa wakubwa, akasogea. Wakaja wengine, akasogea. Mpaka jioni mfiwa alikuwa amekaa kizingitini, miguu iko nje, na wageni wanaulizana mwenye msiba ni nani. Ndivyo mstari wa tangi ulivyokuwa ukienda. Ofisi ya saba ulikuwa katikati ya ukurasa. Ofisi ya kumi ulikuwa umegusa ukingo wa chini. Ofisi ya kumi na mbili uliangukia ukurasa wa pili, ukaikuta huko ile idadi ya wafanyakazi.

Ofisi ya kumi na tatu ilikuwa ya Mheshimiwa Mwenye Mkasi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachofika kwa Mlezi ni ukurasa mmoja. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema muhtasari huu umeshiba. Ule wa pili akaukata vipande vinne kwa mkasi wake wa shaba, akavitia kikapuni.

Jibu la Mlezi lilirudi baada ya siku tatu. Lilisema: "Salamu zimefika. Nasi hatujambo."

Jioni hiyohiyo Mwantumu alinunua karanga nje ya lango la wizara, kwa mama mmoja aliyekuwa na mkataba wa kuzoa vikapu vya ofisi. Alipomaliza karanga akakunjua karatasi aliyofungiwa. Ilikuwa na mafuta kidogo na chenga za chumvi, na katikati yake imeandikwa: Tangi la mvuke lina ufa. Lizimwe. Watu watoke.

"Zile za leo watu wamezipenda," muuza karanga alimwambia. "Zina maneno machache, wino hauingii kwenye karanga."

*

Alirudi kazini akapima kwa kiganja chake. Ufa ulikuwa shubiri moja na nusu.

Mzee Shekue ndiye aliyemkumbusha kwamba dawa ipo. Kuna neno moja, kila aliyewahi kuchomwa jua kwenye mkutano wa hadhara analijua: lile ambalo msemaji mwenye huruma hulitamka badala ya kuwataja wakubwa arobaini mmoja mmoja. Itifaki imezingatiwa. Maneno mawili tu. Yakiwekwa juu ya muhtasari, salamu zote za ofisi kumi na tatu zingeingia humo kama nguo ndani ya sanduku, na mstari wa tangi ungerudi juu ulikozaliwa.

Basi Mwantumu akaenda kwa Afisa Itifaki, Bwana Hamduni, mtu mrefu mwenye sauti ya redio. Akaamkia, akaitikiwa marahaba ndefu. Akaeleza shida yake yote: tangi, ufa, mama yake, karanga.

Bwana Hamduni alisikiliza vizuri sana. Kusikiliza ilikuwa sehemu ya kazi yake. Kisha akasema neno lile lina mwenyewe. Haliwezi kuokotwa tu na kila tarishi likatumiwa. Nchi ingebaki bila salamu, na nchi isiyo na salamu ni soko. Kibali cha kulitumia hutolewa kwa barua ya maombi, yenye ukurasa mmoja, inayopitia ofisi zote kumi na tatu na kuzisalimu.

"Na kwenye hiyo barua ya kuomba, bwana mkubwa, naruhusiwa kulitumia?"

"Ukishapewa kibali," alisema Bwana Hamduni.

Mwantumu alishukuru. Hakujua alikuwa anashukuru nini, lakini alikuwa amelelewa hivyo.

*

Siku ya pili saa ya chakula alikwenda kumtazama mama yake. Bi Mkejina alikuwa anakata, miche mirefu ya sabuni ikipita chini ya uzi wa chuma na kutoka vipande. Meza ilikuwa imeegemezwa kwenye tangi makusudi, kwa kuwa joto lake huilainisha sabuni. Ukuta wa chuma ulikuwa unatetemeka taratibu, kama tumbo la mtu anayejizuia kucheka.

"Mama, kesho usije. Sema unaumwa."

"Nikiumwa mimi, hapa atakalishwa Mwajabu, na Mwajabu ana mimba ya miezi saba." Bi Mkejina alipitisha uzi, kipande kikaanguka. "Wewe si unapeleka karatasi? Haifiki?"

"Inafika. Neno ndilo halifiki. Linakatwa."

"Hukatwa sabuni, mwanangu," alisema mama yake, na wenzake wa meza wakaanza kucheka kabla hajamaliza, kwa kuwa walimjua. "Hukatwa sabuni, na mishahara, na sisi. Umeona wapi cheo kikakatwa?"

Mwantumu alisimama pale na bakuli la mihogo mkononi. Ofisi kumi na tatu zilimpita kichwani moja moja. Mpokezi, Kaimu, marehemu, nishani iliyo njiani. Ni kweli. Alikuwa ameona karatasi ikipigwa upya mara kumi na mbili, na hakuna hata mara moja ambapo mkono wa mtu uligusa cheo cha mtu mwingine. Mkasi wenyewe ulikuwa unazunguka vyeo kama mkulima anavyozunguka kaburi shambani.

Alimwendea Mzee Shekue mbio, akamnong'oneza. Mzee akavua miwani.

"Hii ni dhambi ya ukarani," alisema. Akavaa miwani. "Lakini ni dhambi fupi."

Akapiga muhtasari mpya. Safari hii hakuandika jambo lolote. Aliandika salamu tupu, mkubwa baada ya mkubwa, na katikati yao, baina ya marehemu na Mshauri, akaingiza huyu: Mheshimiwa Tangi la Mvuke Lenye Ufa, Linaloomba Lizimwe Kabla Halijaua Watu.

Karatasi ilipita ofisi zote kumi na tatu kwa siku mbili. Haijawahi kutokea. Bwana Hamduni, aliyeletewa akague salamu, peke yake ndiye aliyeweka kidole juu ya jina lile.

"Huyu Mheshimiwa ni wa idara gani? Mbona simfahamu?"

"Wa sabuni, bwana mkubwa," alisema Mwantumu. "Ni mzito, hatoki sana."

"Aa," alisema Bwana Hamduni, na kwa tahadhari akaongeza mbele ya jina lile neno "Mpendwa."

Mwenye Mkasi alilisoma mara mbili, akalipitisha zima. Usiku ule Mwantumu alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

*

Jibu la Mlezi halikuwa la mstari mmoja. Lilisomwa redioni, baada ya ngoma na kabla ya hali ya hewa.

Mlezi alisema amesoma muhtasari huo kwa machozi. Katika miaka yake yote ya uongozi amewajua waheshimiwa wanaong'ang'ania viti, waheshimiwa wanaoficha nyufa zao, waheshimiwa wanaosema wao hawajaua mtu. Hajawahi kumwona mmoja anayekiri ufa wake hadharani na kuomba mwenyewe azimwe kwa ajili ya wananchi. Nchi haiwezi kumpoteza kiongozi wa namna hiyo. Kwa hiyo ombi lake la kuzimwa limekataliwa, kwa upendo. Muda wake umeongezwa miaka mitano. Atapewa Nishani ya Unyenyekevu, Daraja la Kwanza, Siku ya Usafi wa Nia, mbele ya wafanyakazi wake wote.

Tangu asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kuliita tangi "hilo." Liliitwa "yeye." Bwana Kilindo alimpigia saluti alipompita, na kwa kuwa sasa meneja alikuwa mdogo kuliko tangi, akahamisha ofisi yake ng'ambo ya barabara, asije akaonekana anashindana.

Mwantumu alikwenda kueleza ukweli. Aliueleza kwa Mpokezi wa Asubuhi, ambaye alimuuliza kama ana chuki binafsi na Mheshimiwa. Aliueleza kwa Kaimu, ambaye alisema ndiyo, wakubwa wote wana nyufa, lakini si vizuri kuzisema. Mzee Shekue alikwenda na chaki kuweka alama mpya, maana ufa ulikuwa umetimia dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Walimkamata mkono. Akapewa barua ya likizo isiyo na mwisho kwa kosa la kumchora kiongozi ubavuni. Alama zote za chaki zikapakwa rangi ya kijani, pamoja na tarehe zake.

Bi Kidawa aliposikia hayo hakusema kitu, na hilo peke yake liliwashangaza watu. Alianua nguo zake, akamfungua mbuzi, akahamia kwa dada yake upande wa pili wa mji. Mtaa ukacheka sana.

*

Siku ya Usafi wa Nia ilipambazuka bila wingu. Kiwanda kilipambwa. Maofisa walikuwa wametafuta mahali pa kumtundikia Mheshimiwa nishani yake. Msumari ulikuwa hauingii kwenye chuma. Mmoja wao akagundua kwamba utepe unapenya vizuri kwenye ufa. Ikaning'inia pale, ya dhahabu, ikitikisika, na kila aliyepita alisema imekaa kana kwamba aliumbwa nayo.

Moto uliongezwa maradufu. Bwana Hamduni alikuwa amefafanua kwamba kiongozi hapokei nishani akiwa baridi, na tena ingependeza apige mluzi wakati wa wimbo wa taifa.

Mlezi hakuja. Alituma kiti chake. Kilikuwa kiti cha mpingo, na kiliwekwa chini ya turubai, hatua mia mbili kutoka kwa tangi, kwa kuwa mvuke huharibu mpingo. Waheshimiwa wa ofisi zote kumi na tatu walikaa karibu na kiti, ili kisikae peke yake. Hata yule marehemu aliwekewa nafasi huko. Wafanyakazi mia moja na arobaini walipangwa mistari mitatu mbele ya Mheshimiwa, bega kwa bega, na mstari wa kwanza kabisa waliwekwa wanawake wa meza ya sabuni, kwa kuwa ndio watu wake wa karibu. Walivalishwa kanga mpya za sare zenye picha ya tangi, na maandishi yake yalisema: Unyenyekevu Wako Ndio Kiti Chako. Mwajabu aliruhusiwa kukaa, lakini palepale.

Mwantumu alipewa kazi ya kusimama nyuma ya Bwana Hamduni, kwenye jukwaa, ashike bilauri ya maji. Kutoka pale aliweza kumwona mama yake vizuri. Bi Mkejina alikuwa katikati ya mstari wa mbele, mgongo wake haufiki hatua tatu kutoka ile nishani, anarekebisha kanga begani. Alipomwona binti yake alimwinulia nyusi, kama mtu anayesema, tazama walivyonivalisha. Nje ya lango, kati ya vyuma, Mwantumu aliweza kuona miwani ya Mzee Shekue.

Bwana Hamduni alikohoa kwenye kipaza sauti, akaanza salamu. Hakuna sheria ya ukurasa mmoja kwenye sherehe. Alikuwa na kitabu. Alisalimu kiti. Alimsalimu Mpokezi wa Asubuhi, akamsalimu wa Alasiri, akaomba radhi kwa kumtanguliza wa Asubuhi. Alimwombea marehemu. Jua lilipanda. Na yeye akapanda na sauti yake, akafungua ukurasa, akatamka kwa herufi zote, mbele ya watu wote, kwa ile sauti iliyofika mpaka sokoni:

"Mpendwa, Mheshimiwa, Tangi la Mvuke Lenye Ufa, Linaloomba Lizimwe Kabla Halijaua Watu."

Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa kuwa ofisa mmoja alikuwa ameinua mkono kuwaashiria. Bi Mkejina naye alipiga, huku akicheka, na wenzake wakicheka naye. Neno lilikuwa limefika hatimaye. Lilifika kila sikio la kiwanda kile, hakuna lililokatwa.

Nyuma ya makofi kulikuwa na mluzi. Ulianza mwembamba, ukakaza, ukawa mrefu. Waheshimiwa walitazamana kwa furaha huko chini ya turubai: Mheshimiwa ameitikia. Kunguru waliokuwa kwenye paa la kiwanda waliruka wote kwa pamoja, wakaenda zao bila kumuaga mtu. Nishani ilikuwa haitikisiki tena. Ilikuwa imesimama imara, kama iliyopulizwa kwa ndani.

 Mwantumu aliitua bilauri chini, akasogea hatua moja, mahali ambapo tarishi hafiki, akagusa kwa vidole viwili ukingo wa koti la Bwana Hamduni.

"Bwana mkubwa," alisema, "namuombea mama yangu atoke pale mbele. Yule mwenye ushungi mweupe, wa katikati. Yeye tu, na huyo mjamzito. Mimi nitasimama mahali pao."

Bwana Hamduni alilamba kidole, akafungua ukurasa, akamsalimu Mheshimiwa anayefuata.

"Naomba, bwana mkubwa," alisema Mwantumu.